Namba Mbili mu Kisanduku Kimoja

Zaina, binti ya marehemu Mohamadi fundi viatu, alijua kazi yake, na alijua kwamba anaijua. Kiburi? Ndiyo, kiburi, kazi isiyo na kiburi inaishia nusu. Alikuwa anatengeneza saiti za internet. Pale Tshopo, mtaa wao wa Kisangani, watu walicheka, mpaka Mama Julienne, mwenye baleinière, boti ndefu ya mbao, ya kwenda Yanonge, akamupa kazi: abiria wajiandike kwa simu, wakae kwao, chombo kikikaribia kujaa wapigiwe waje. Kulala beach, pale bandarini, juu ya mizigo, basi.

Safari ya kwanza ikaenda nusu tupu. Mama Julienne alipiga, alipiga, simu ikamujibu kwamba namba hizo haziko.

"Saiti yako inakula batu," akamwambia Zaina mbele ya wapakizi. "Safari ijayo ikienda vile tena, narudilia megafoni yangu ya kuitia batu. Ile haijanidanganya hata siku moja."

Wapakizi wakacheka. Zaina hakulia, alie mbele ya wale? Akakimbilia kwa tonton yake, mjomba Hemedi, mushonaji.

"Tonton, batu ya Kisangani hawajui kuandika namba ya simu!"

"Na mimi niko mu hao batu," Hemedi akasema. "Nilijiandika, nikakaa na valizi yangu ya nguo kama bibi harusi ambaye hawakuja kumuchukua."

"Uliandika nini?"

"Vile kila mutu anaandika." Akaonyesha mulango wake kwa kidevu.

Pale, kwa rangi nyekundu, namba mbili za simu, katikati mustari umelala upande. Zaina amepita hapo tangu utoto. Mutu gani wa muji huu anatoa namba moja? Rezo moja ya simu ikilala, ingine iko macho. Yeye mwenyewe simu yake ina laini mbili! Watu waliandika kama wanavyoandika milangoni. Kisanduku cha namba mu saiti yake kikatupa ule mustari, kikaunga namba mbili, zikawa moja isiyo ya mutu.

Akakaa palepale kati ya vitambaa. Mbele ya kisanduku akabandika +243, namba ya Congo, isiyofutika, mutu asisumbuke kuiandika. Mwishoni, imeshikana na kisanduku, akaweka bouton ya kubonyeza: *Ongeza namba ingine*. Ukibonyeza, kisanduku cha pili kinafunguka chini.

Akampa Hemedi simu bila kumufundisha. Kidole cha mzee kikaenda chenyewe kwenye bouton.

"Ah! Donc sasa unatujua."

Siku ya safari Mama Julienne akapiga namba ya kwanza ya abiria mmoja. Imelala. Akapiga ya pili.

"Allô? Mama, musiniache! Niko juu ya toleka, kinga ya kukodi, nafika!"

Zaina akakaa juu ya benchi ya chombo. Wakaja na mikeka, kuku, watoto, na Hemedi na valizi yake. Mama Julienne hakutoa asante. Akasukuma megafoni chini ya gunia la chumvi.

"Alors, Zaina, toka! Unakalia nafasi ya mutu."

Akaruka mu matope na viatu vyake vizuri, anacheka.