Kifuniko cha Msumeno

Watu wakiona mkono wangu wa kushoto huniuliza kama nilikuwa msituni na wapiganaji wa uhuru. Sikuwa msituni. Nilikuwa kwenye kiwanda cha mbao huko juu Meru, nikisukuma magogo kwenye msumeno wa mashine, ule wa duara unaotokeza katikati ya meza.

Ulipokuja ulikuwa na kifuniko cha chuma juu ya meno. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya Waingereza, tukaamriwa kupasua miti ya kuzungushia vijiji, vile ambamo serikali iliwafungia watu wetu, na lori lilitakiwa lijae kila siku. Gogo nene halikupita chini ya kifuniko. Nyapara akakifungua kwa spana, akakitupa nyuma ya stoo. Tukamwambia meno yako wazi. Akatujibu kwamba anayeogopa aende akachimbe handaki la kijiji na wanawake. Mzungu mwenye kiwanda alipita, akaona, akauliza tu lori litaondoka saa ngapi. Nawataja wote wawili, maana wote wawili walijua.

Siku ile gogo lilikuwa na fundo. Msumeno ulipofika hapo ukalirusha nyuma, na mkono wangu ukaenda mbele. Vidole vitatu. Mwenzangu alinifunga kwa shati lake, nikaanza kuteremka kwenda kwa mama.

Homgadi, watu wetu waliopewa bunduki na serikali, wakanisimamisha njiani. Siku zile wapiganaji walitengeneza bunduki kwa bomba la maji, na nyingine zililipuka zikamkata mwenyewe vidole. Nikaeleza habari ya mashine. Mmoja akacheka, akaniuliza huo msumeno wetu unaingia risasi ngapi.

Wakanipeleka kambini, wakamwita nyapara. Alipoingia nilimshukuru Mungu. Neno lake moja lilitosha, aseme huyu ni wetu, amekatwa kazini, nami ningelala nyumbani. Lakini kusema hivyo ni kusema meno yalikuwa wazi. Aliutazama mkono, kisha akamtazama afisa wa kambi.

"Afande, msumeno wetu una kifuniko. Hauwezi kukata mtu."

"Baba, sema ukweli tu," nikamwambia. Alikuwa wa rika moja na baba yangu, na ndivyo tulivyomwita sote.

Akavaa kofia yake, akatoka.

Nikahamishiwa kizuizini, na huko kidonda kilioza, kikapona vibaya, kiganja kikajikunja hivi kilivyo. Mama alikuwa akileta chakula pale kambini hata baada ya mimi kuhamishwa. Askari walikipokea, hawakumwambia kitu.

Watu huniambia niyaache, eti Emajensi ilimuumiza kila mtu. Sawa. Lakini haikuwa Emajensi iliyomjibu yule afisa, ilikuwa mdomo wa mtu, na mtu huyo sasa anakaa kiti cha mbele kanisani.

Niliporudi, mama alikuwa ameshazikwa. Siku zile kijijini walizika haraka, bila alama. Dada yangu alinipeleka karibu na ule ua wa miti uliozunguka kijiji, akanionyesha mahali. Akasimama kidogo. Kisha akasogea hatua chache, akasema labda ni hapa.