Mlango wa Ghunaim na Jicho la Nafusa

Ghunaim aliendesha teksi mjini Iskandaria tangu masharubu yake yakiwa meusi tii mpaka yakageuka pamba, na muda wote huo gari lilikuwa hilohilo moja: Fiat ndogo ya milango minne, nyeusi kwa njano kama teksi zote za mji ule. Alipostaafu hakuliuza. Aliliegesha chini ya dirisha la chumba chake, mtaani Karmuz, akalifunika turubai, na kila asubuhi kabla ya chai alifungua dirisha kuliangalia. Mkewe, Inshirah, alikuwa akisema kwamba lau yeye angepewa nusu ya salamu hizo, asingezeeka.

Ghunaim alikuwa mtu mwema na mcheshi, mwenye sauti ya kuitia abiria hata akiwa msibani. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne na kisiki, maana kidole cha mwisho kililiwa na mkanda wa feni alipokuwa kijana anajifunza kazi. Hakuna aliyewahi kumwona akimshusha abiria kwa kukosa nauli. Lakini kila mtu ana pahali pake pa ukaidi, na pa Ghunaim palikuwa mlango wa mbele wa gari lile, upande wa dereva. Mlango huo ndio aliomfungia dada yake nje.

Nafusa ndiye dada mkubwa. Ndiye aliyemlea Ghunaim baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyeuza bangili zake ili Ghunaim apate gari. Siku gari lilipoletwa, kondoo alichinjwa mlangoni pa nyumba, na Ghunaim, kama wafanyavyo wote, akachovya kiganja kwenye damu akakipiga ubavuni mwa gari, ili jicho la hasidi likija ligonge hapo lirudi lilikotoka. Fundi rangi akaja akafanya kazi yake. Gari likang'aa. Nafusa akashuka ngazi huku anapiga vigelegele, akaukazia macho mlango ule, akasema mtaa mzima unamsikia:

"Jamani, mlango gani huu! Mtu si anaweza kujipaka wanja humu!"

Furaha ilikuwa imemzidi, akasahau kusema mashaallah.

Kabla mvua za baridi hazijaisha, rangi ya mlango ule ikavimba. Ikatumbuka, ikatoa unga wa kahawia. Milango mitatu mingine, mizima kabisa. Mtaa haukuhitaji mpelelezi: ni jicho la Nafusa! Mara ya kwanza Ghunaim alicheka. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu alisema mbele ya watu mkahawani, "Dada yangu nampenda kama roho yangu, lakini gari langu asilitazame." Maneno kama hayo hayalali njiani. Yalifika kwa Nafusa kabla kahawa ya msemaji haijapoa, na tangu siku hiyo hakutia mguu wake katika gari alilolinunua kwa bangili zake. Goti lilipomsumbua alikwenda hospitali kwa tramu. Wanawake wenye watoto wachanga wakipishana naye kwenye ngazi walivuta kitambaa wakafunika uso wa mtoto. Siku za sikukuu ndugu hao wawili walipeana mikono, wakaulizana habari za magoti, wakanywa chai, wakaagana. Ndiyo undugu uliobaki.

Na mlango uliendelea kuvimba palepale. Fundi mmoja aliupaka pati, ule ujiuji wa kuzibia mashimo ya bodi. Wa pili akapaka pati juu ya pati. Wa tatu aliutoboa, akashindilia magazeti, kisha pati. Yuko mmoja aliyekuwa pia anauza kuku, huyo sitaki hata kumsema.

Mambo yangebaki hivyo kama si Yumna, mjukuu wa Ghunaim, aliyeposwa mwaka huo na harusi yake ikapangwa baada ya baridi.

"Babu, mimi sitaki magari ya kukodi," alisema. "Nataka kwenda harusini na gari lako."

"Mwanangu, gari langu linakaliwa na paka."

"Basi wahamishe."

Ghunaim akajifanya anakohoa, maana machozi yalikuwa karibu. Kesho yake gari likaburutwa hadi karakana ya Makram.

Makram alikuwa fundi bodi mwembamba, mwenye sigara isiyowashwa mdomoni tangu daktari alipomkataza kuvuta. Kabla ya kusema lolote alitoa mfukoni sumaku iliyofungwa uzi. Akaiweka kwenye boneti, ikanata. Akaiweka kwenye madigadi, ikanata shingo upande. Akaiweka kwenye ule mlango, ikaanguka chini.

"Mzee Ghunaim, hili ni gari au keki?"

"Gari, bwana wee! Limezunguka mji huu kabla wewe hujazaliwa."

"Basi lilizunguka limebeba kiwanda cha pati."

Kila siku Ghunaim alikuja na mkate na maharage, akaketi juu ya kreti, akalitetea gari lake kama wakili. Makram aling'oa zulia akakuta sakafu imezibwa kwa bati la kopo la samli, ng'ombe aliyechorwa bado anacheka. "Hilo nililitia mimi," Ghunaim akasema, "abiria alikuwa anaona lami." Makram akaonyesha mahali palipochomelewa, madonge juu ya madonge, kama njiwa wamenya hapo. "Yule fundi alikuwa na ugonjwa wa macho, maskini." Bampa la nyuma lilikuwa limefungwa kwa waya wa kuanikia nguo. "Waya wenyewe wa Inshirah. Usimwambie, ameutafuta mpaka leo."

Walicheka sana siku hizo. Gari lilivuliwa mabaya yake moja moja, na bati zima likaanza kuonekana, na Ghunaim alikuwa akilipapasa anapodhani Makram hamtazami. Sharti lake lilikuwa moja tu.

"Dada yangu asilione. Mpaka harusi ipite."

"Mzee, karakana yangu imetazama barabara. Nikawafumbe watu macho?"

"Nitatundika turubai."

Akatundika turubai. Nafusa anakaa ghorofa ya tatu, nyumba ya nne kutoka hapo, na kwenda sokoni lazima apite. Alipita. Aliiona turubai, akaelewa ni ya nini, akainamisha kichwa akaharakisha na goti lake bovu.

Jioni hiyohiyo Yumna alikwenda kumwalika. Akarudi kwa babu yake macho mekundu.

"Bibi Nafusa hataki kuja. Anasema vigelegele atavisikilizia dirishani. Anasema hataki kuniharibia." Akajifuta pua. "Aniharibie nini, babu? Mimi namtaka awepo. Kama hayupo yeye, hiyo ni harusi gani?"

Ghunaim alimpenda mjukuu wake, na dada yake alimpenda, Mungu ni shahidi. Lakini mlango ulivimba, uongo? Aliuona kwa macho yake.

Mlango wenyewe Makram aliuacha wa mwisho. Aliukwangua pati iliyokuwa nene kama mkate wa shamba, akatoa magazeti yaliyoganda, akapita njano, nyeusi, njano tena, akashuka kwa msasa mpaka kwenye bati. Halafu akaweka msasa chini.

"Mzee," akaita taratibu. "Hebu njoo hapa."

Katikati ya bati, kahawia iliyokolea, kutu ilikuwa imechimba umbo la kiganja. Vidole vinne vilikuwa vizima. Cha mwisho kilikuwa kifupi.

Makram akaiondoa sigara yake mdomoni.

"Siku ulipopiga mkono, mlango huu ulikuwa na rangi?"

"Haukuwa nayo. Ulikuwa mlango mpya, ule wa kwanza ulikuwa umegongwa. Bati tupu. Fundi rangi alisema nimsubiri amalize kwanza." Akautazama mkono wake. "Nilishindwa kungoja."

"Na yeye alipokuja, hakuosha?"

"Alisema yeye hafuti kinga ya mtu, isije ikamrudia. Akapuliza rangi juu yake."

"Damu ina chumvi, mzee. Chumvi na bati umeona wapi vikapatana? Imekaa humo chini inakula. Ikivimba mnaipaka pati, ikimaliza pati inakula tena." Makram akatikisa kichwa. "Ndiyo maana wazee wakasema, kikulacho..."

"Usimalizie," Ghunaim akasema.

Aliunyoosha mkono wake, umejaa mabaka ya uzee, akauweka juu ya ile kutu. Ulienea, mpaka kile kisiki. Alilia pale karakanani, bila kujificha. Hakulilia gari. Alimlilia mtoto wa kike aliyeuza bangili zake, akageuzwa hasidi wa mtaa kwa kosa la kijana asiyekuwa na subira.

"Nifungulie mlango huu," alisema alipotulia.

"Si umeshafunguliwa? Umeuegemea."

"Basi nipandishie begani."

"Mzee, utaanguka! Niachie mimi nibebe."

"Wewe ulimsingizia? Nipandishie, nakwambia."

Akatoka na mlango begani, anayumba. Wacheza domino wa mkahawani wakampokea kwa vicheko. "Ghunaim, umeanza kuliuza rejareja?" "Babu, kioo tu bei gani?" Alipanda ngazi za nyumba ya Nafusa akipumzika kila kituo, akagonga kwa kiatu maana mikono haikuwa na nafasi.

Nafusa alifungua. Alipoona kipande cha gari, macho yake yakaanguka chini yenyewe, juu ya kandambili zake.

"Kiondoe kitu chako, Ghunaim! Umekileta kwangu kufanya nini? Nikikiona mtasema tena."

"Kitazame."

"Sikitazami."

"Dada, tazama, nakuomba. Kwa roho ya mama, tazama."

Aliuegemeza mlango ukutani, akaweka mkono wake juu ya kutu, kidole juu ya kidole. Nafusa akainua macho kidogo kidogo. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akamshika kifundo cha mkono, akauondoa, akakitazama kisiki cha bati, akakitazama cha nyama.

"Huu si mkono wako?"

"Ni wangu. Tangu siku ile ya kondoo. Mimi ndiye niliyelila gari langu, dada. Halikuwa jicho lako. Hata siku moja."

Alijiandaa kupigwa kandambili, na angeipokea. Lakini Nafusa alikaa kwenye kiti cha barazani kama mtu aliyeshushwa mzigo akasahau namna ya kusimama bila mzigo.

"Na mimi nilikuwa nimeshaamini," akasema. "Mwanzo nilikukasirikia. Baadaye nikaanza kujichunga mwenyewe. Nikisikia mtoto mchanga kwenye ngazi nageukia ukuta. Yumna alipozaliwa waliniletea nimpakate, nikasema mgongo unaniuma. Haukuwa unaniuma. Mtoto yule amekua, amekuwa mwanamwali, na mimi sijamwambia hata mara moja kwamba ni mzuri. Niliogopa, Ghunaim. Niliogopa macho yangu mwenyewe."

Ghunaim akaubusu utosi wake. "Nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo. Leo nina hasira, niache niile kwanza." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Umepanda na lidude lote hilo peke yako? Na moyo wako huo mbovu? Kaa, mjinga wewe, nikuletee maji. Na Makram akikikata hicho kipande asikitupe. Ni changu."

Makram alikikata, akachomelea bati jipya, akalisugua mpaka likawa safi kama sahani ya bibi harusi. Kipande cha mkono Nafusa alikigongomelea misumari nje ya mlango wake, kwenye usawa wa macho, ili kila anayekuja kuazima chumvi akisome kabla hajabisha. Wale waliokuwa wakifunika watoto wao walipanda mmoja mmoja na visahani vya halua. Wengine aliwakaribisha. Wengine aliwapokea visahani akawaacha wasimame kidogo.

Siku ya harusi gari lilitoka karakanani linameremeta. Ghunaim alichinja, na alipouinua mkono wake wenye damu, Makram aliukamata hewani mbele ya watu wote. "Wewe! Hukukoma?" Ikabidi apige kiganja kwenye karatasi, karatasi ikabandikwa kiooni kwa gundi.

Nafusa akashuka na goti lake, na Ghunaim akamfungulia mlango wa mbele, kando ya dereva. Hakuingia. Alisimama kando ya gari akingoja, na Yumna alipotokea mlangoni na shela lake, wanawake waliokwisha kuweka ndimi tayari kwa vigelegele wakazirudisha, kwa sababu Nafusa alikuwa ameinua uso.

"Yumna."

"Abee, bibi."

"Simama hapo hapo nikuone."

Akamtazama kuanzia taji mpaka viatu, bila haraka.

"U mzuri, mwanangu," akasema. "U mzuri mpaka basi."

Nyuma ya umati sauti moja ya kike ikaanza kumnong'onea, "Sema mashaallah, Nafusa, sema masha..."

"Mwacheni!" Ghunaim akageuka kwa ile sauti yake ya kuitia abiria. "Hajamaliza!"

Na Nafusa, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akaendelea kumtazama.