Karatasi ya Kumpa Mama Pole

Nikiwa uani kwetu Temeke, nilisikia hodi ya upole kupita kiasi. Nilipoingia sebuleni nilimkuta afisa wa bima ya lori lililomvunja mama mguu, ameketi mkekani na kilo mbili za sukari, kama jirani aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Saini hapa, mama. Ni ya kuonyesha ofisini kwamba nilifika kukupa pole."

Mama hajui kumnyima kitu mtu aliyeleta pole. Kalamu alikuwa ameshaishika. Niliivuta ile karatasi nikaisoma kwa sauti: mama amesamehe yote, hatadai fidia kamwe.

Yule bwana akanyoosha mkono. "Nirudishie, sista."

"Hii inakwenda kwa wakili wetu. Hizo pole kampe yeye."

"Nitafukuzwa kazi. Nina watoto."

"Mama naye alikuwa na mguu mzima."

"Mwanangu, ni mgeni huyu," mama akaninong'oneza.

Niliikunja karatasi taratibu ili aone kila mkunjo. Sijawahi kufurahia jasho la mtu kama siku ile. Alitoka na viatu mkononi, nami nikaufunga mlango nyuma yake.