Sinon, mama asafishe

Nimesafisha watoto, nimesafisha wagonjwa, nimesafisha zizi la ng'ombe wa baba, na sikuwahi kutapika. Nilitapika mara moja tu, nyuma ya darasa la informatiki katika komine ya Shari, hapa hapa Bunia, kwa sababu ya choo cha wanaume wanaopiga pasi mashati yao.

Tulikuwa tunajifunza kuandika programu. Mwalimu, kijana mpole aliyeogopa kugombana hata na kuku, alikodi chumba uani kwa mama mmoja muuza maharagwe, akaweka humo mashine chache za zamani na paneli ya sola juu ya bati. Wanafunzi tulikuwa wengi kuliko mashine. Mwanamke nilikuwa peke yangu, tena nimemzidi mwalimu umri. Mchana niliacha cherehani yangu na kwenda darasani, kwa kuwa dispensari moja iliniahidi kazi ya kuingiza majina ya wagonjwa kwenye mashine, mradi niwapelekee brevet, yaani cheti, ya masomo hayo. Bila brevet, kazi ingekwenda kwa mwingine.

Masomo yenyewe niliyapenda, hasa somo la masharti. Unaiambia mashine: si, yaani ikiwa jambo fulani ni kweli, fanya hivi, sinon, yaani la sivyo, fanya vile. Kisha kuna viunganishi. ET inataka mambo yote yawe kweli, na moja tu likiwa uongo, sharti zima limeanguka. OU inaridhika na moja. Nilikuwa nikikaa kwenye cherehani nikijisemea: kitambaa kinatosha NA mteja amekuja kupimwa, kata, la sivyo, ngoja. Nilifurahi kuona kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nikifikiri hivyo bila kufundishwa na mtu.

Choo kilikuwa kimoja, cha shimo, chetu sote. Hawakulenga. Sijui niseme vipi kwa adabu: watu wazima, wenye wake nyumbani, hawakulenga, na waliotoka waliruka madimbwi yao wenyewe na kurudi darasani wakinukia pafyumu.

Siku moja mwalimu alitupa zoezi la kuandika sharti kutoka maisha ya kila siku. Mmoja wetu, kijana wa viatu vyeupe ambavyo alivipangusa kwa leso kila alipovuka uwanja, aliandika sharti la choo. Darasa lilicheka. Mwalimu alilipenda sana hata akalinakili kwenye karatasi kubwa na kulibandika kwenye mlango wa choo: Si umeingia ET ulikuta safi ET umeacha chafu, safisha. Sinon, mama asafishe.

Mama ni mimi. Kwetu kila mwanamke mzima huitwa mama, ni neno la heshima, na nyuma ya heshima hiyo kuna ndoo.

"Ni ya kucheka tu, mama," mwalimu aliniambia. "Usikasirike."

Nilikasirika. Nilikasirika zaidi nilipoona jinsi sharti lile lilivyofanya kazi. Kila aliyetoka alisema, "Miye nilikuta iko chafu." Basi, uongo mmoja tu, na ET yote chini. Nilimwomba mwalimu aweke OU mahali pa ET, ili kila aliyeingia ashike ufagio, awe amechafua au hakuchafua. Akaweka. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeingia. "Miye? Leo sijaingia hata." Ghafla darasa zima lilikuwa limefunga choo, na choo kikazidi kufurika. Chini ya karatasi sinon ilibaki palepale, ikinisubiri. Mimi sikugusa ufagio. Niliacha kunywa chai asubuhi ili nisihitaji kuingia mle, na midomo ikanikauka kwa hasira na kiu.

Ikafika siku ya mtihani. Kesho yake mwalimu alikuwa akienda Komanda kufungua darasa jingine, kwa hiyo ambaye hangefanya siku ile asingepata brevet. Niliwahi mapema, nikakaa kwenye mashine ya dirishani, ile yenye batri nzuri. Harufu iliingia dirishani ikakaa nami.

Kabla hatujaanza, mama mwenye nyumba aliingia, kitambaa puani. Lori lilikuwa limemshushia maharagwe kutoka Mahagi, na wanunuzi walikuwa wamekataa kusimama uani kwake.

"Kama ile choo haisafishwe sasa hivi, nafunga mulango," alisema. "Examen yenu mutafanyia mu barabara."

Wanaume walitazama mashine zao. Kisha, mmoja mmoja, walinitazama mimi. Na yule mama naye akanitazama.

"Weye mwanamuke, unakaa humu na harufu hii?"

"Mama, miye sikuchafua."

"Nani ameuliza mwenye kuchafua?"

Hilo ndilo lililoniuma. Karatasi ya mlangoni hakuwahi kuisoma, lakini aliijua kwa moyo kuliko sisi sote. Nilingoja mwanamume mmoja ainuke. Kiti hakikulia.

"Mama, saidia tu," alisema wa viatu vyeupe. "Siye tutakulindia mashine."

Nilikwenda, kwa sababu mlango ukifungwa na mimi nimefungiwa nje. Ufagio ulikuwa umevunjika mpini, ikanibidi niiname. Shimo lilikuwa limezibwa na karatasi, nikazitoa kwa mkono. Zilikuwa karatasi za masomo. Zile alizotugawia mwalimu, zenye masharti na viunganishi, walikuwa wamejipangusia. Nilisoma ET moja, nzima, imezungukwa na mavi, ndipo nikatapika. Nilichukia choo, nikawachukia wao, nikamchukia na yule mama na maharagwe yake. Nikamwaga javel, ile dawa ya kuua harufu, nikasugua hadi saruji ikaonekana rangi yake.

Maji yalibaki kidogo ndooni, ya kunawa. Nilipoinama kunawa niliona ndani kwa dirisha. Wa viatu vyeupe alikuwa amekaa kwenye kiti changu, anaandika mtihani kwenye mashine yangu.

Yale maji niliyamwaga chini.

Niliingia na mikono ilivyokuwa. Nilisimama nyuma yake.

"Batri ya ile ingine imekufa, mama," alisema bila kugeuka. "Niko karibu kumaliza."

Nilipitisha mikono juu ya mabega yake, yote miwili, nikaiweka kwenye vibonye kando ya vidole vyake. Aliruka. Kiti kilianguka. Alitazama shati, akatazama viatu, na kwenye kiatu kimoja palikuwa na tone.

"Mama, hii ni uchafu!"

"Ndiyo," nilimjibu. "Ni yenu."

Nyani haoni kundule, lakini akiletewa karibu na pua anaona. Niliinua kiti nikakaa. Hakuna aliyenisogelea. Mtihani ulikuwa kupanga wagonjwa, nani aingie kwanza kwa daktari: mtoto mchanga, mja mzito, mwenye homa kali, na wengineo. Niliandika sharti la kila mtu, mmoja mmoja, nikaijaribu programu mara kwa mara, ikafanya kazi.

Mwalimu alikuja kusahihisha, leso puani, akisoma kutoka mbali kwa kunyoosha shingo.

"Inatembea muzuri," alisema. "Lakini mama, sinon iko wapi?"

"Sinon ilitumwa kusafisha choo," nilisema. "Imerudi, ndiyo hii imekaa hapa inafanya examen."

Alitia sahihi brevet yangu, akaninyooshea kwa ncha za vidole viwili, ameishika pembeni kabisa. Nami nikaipokea kama nilivyofundishwa nyumbani kumpokelea mkubwa kitu, kwa mikono yote miwili.