Sentensi Iliyoandikwa Mara Mbili

Ukimuuliza mtu wa Kiirua Kinya anafanya kazi gani, atakuambia ni yule msichana wa Mzee Riungu anayetengeneza kompyuta za redio. Msichana huyo ana miaka thelathini na sita na mvi zimeanza kumchungulia kwenye paji la uso, lakini maadamu baba yake yu hai ataendelea kuwa msichana wa Riungu, na yeye mwenyewe hana ugomvi na hilo.

Riungu ndiye mwenye jina. Kwa miaka mingi alisoma matangazo ya vifo kwa Kimeru katika redio moja ndogo ya mjini Meru, kila jioni kabla ya habari, na wakati huo watu walinyamazisha watoto na kuacha kukoroga sufuria ili wasikie vizuri. Alikuwa na namna yake. Alitaja jina la marehemu, mtoto wa nani, wa kutoka wapi, atazikwa lini. Kisha alinyamaza kidogo, akasema kwamba anarudia, akayasema yote upya kwa mwendo uleule. Kinya alipokuwa mdogo alimuuliza kwa nini arudie jambo ambalo watu wamelisikia. Riungu akamwambia kwamba mara ya kwanza mtu husikia jina tu, halafu masikio yanaziba. Ni mara ya pili ndipo anapoisikia siku ya mazishi. Na kule studio, kabla ya kurudia, aliinua kidole kimoja ili fundi wa mitambo asije akadhani amemaliza akamkatia sauti.

Mwaka juzi kiharusi kilimwangusha akiwa anakama ng'ombe. Miguu ilirudi kiasi, mkono wa kulia ukarudi, maneno hayakurudi. Anasikia kila kitu na kuelewa kila kitu, ila mtu aliyewazungumzia wafu wa wilaya nzima sasa anaomba chai kwa kutikisa kichwa. Kinya hajazoea, wala haoni haya kusema kwamba hajazoea.

Yeye alisomea kompyuta kule Embu, akarudi nyumbani na cheti chake, akaajiriwa na redio ileile kuhangaika na mashine. Mashine kubwa kuliko zote ilikuwa seva kuukuu iliyokwisha kustaafishwa na wazungu kabla haijafika Meru. Ndani yake mlikuwa na diski nane, na kadi moja iliyozisimamia zote nane zikaonekana kama diski moja kubwa, ili moja ikifa nyingine zibebe mzigo wake. Humo ndimo zilimokaa rekodi za redio, pamoja na jioni zote za Riungu. Diski ya akiba iliyokuwa pembeni ilikuwa imejaa zamani, na kila mwezi meneja Munene aliahidi kununua nyingine mwezi ujao. Kinya naye angeweza kujinakilia sauti ya baba yake kwenye simu siku yoyote ile. Hakufanya hivyo, kwa sababu kitu ukikiona kila siku hufikirii kwamba kitakukimbia.

Kadi hiyo haikuweza kuelewana na kompyuta peke yake. Ilihitaji draiva, yaani programu ndogo inayokaa katikati na kuutafsiria kila upande maneno ya mwenzake. Draiva yenyewe ilitunzwa bila malipo na mzee mmoja wa ng'ambo aitwaye Adrian, ambaye Kinya alimjua kwa barua pepe tu. Siku moja Adrian aliandika kwamba amechoka. Kwao kadi za aina hiyo zimeshatupwa, draiva haina hata ukurasa mmoja wa maelezo, na wenzake wanataka kuiondoa kabisa kwenye mfumo wa kompyuta wanaoutunza pamoja. Lakini kama yuko mtu anayeitumia bado, na yuko tayari kuiandikia maelezo, basi itabaki. Kinya alijibu kabla chai yake haijapoa.

Hivyo ndivyo alivyogeuka mwandishi. Aliandika kwa Kiingereza cha shule, sentensi fupi fupi: draiva inakubali kadi zipi, taa ya manjano maana yake nini, diski iliyokufa inabadilishwaje. Wenzake walimcheka kwamba anatunga kitabu cha kitu ambacho hata aliyekiunda hakikumbuki. Yeye aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotarajia. Ilimpa raha ya kupanga vyombo kabatini baada ya kuosha.

Sehemu moja tu ilimkwamisha. Kuna wakati kadi huziona diski zake yenyewe kuwa ngeni, ikamuuliza mwenye mashine izikubali au izisafishe, yaani ifute alama ilizoziandikia ili kuzitambua. Ajibu nini? Na je, diski zikirudishwa katika nafasi tofauti itakuwaje? Kinya hakuwahi kufika hapo. Alichimba mtandaoni akapata jibu la mtu asiyemjua, lililoandikwa kwa ujasiri mwingi, akaliweka kwa maneno yake: kubali mara moja, mpangilio hauna neno. Alikusudia kulihakikisha baadaye. Sote tunaijua hiyo baadaye.

Kabla haijafika, redio ikahama kutoka jengo lililopakana na soko la Gakoromone kwenda Makutano. Siku ya kuhama Kinya alikuwa amempeleka baba yake kliniki, na seva ikaangukia mikononi mwa Kiogora, mtunza stoo. Kiogora ni mtu wa Mitunguu, amekulia kwenye ndizi, na hajawahi kubeba kitu kama mzigo tu. Alijua kwamba diski hazipendi kutikiswa. Basi alizichomoa moja moja, akazivika majani makavu ya ndizi kama wanavyofanya na mikungu ya kuteremshwa Gakoromone, akazilaza kwenye kreti na kukaa nalo mapajani hadi Makutano. Huko fundi wa umeme, akitaka kujua kama soketi zinafanya kazi, alikuwa ameshawasha seva ikiwa tupu. Kadi ikaamka, haikuona hata diski moja, ikaamua kwamba haina watu. Kiogora alipozirudisha, kila moja mahali ilipoelekea kutosha, ikazitazama kama mtu anayetazama wageni mlangoni.

Kinya alipofika asubuhi yake alikuta swali limesimama kwenye skrini: kubali, au safisha. Nyuma yake walikuwa wamesimama Munene na Kiogora.

"Nilizitoa pole pole, madam," Kiogora alisema. "Nikazifunga na majani ya ndizi. Hakuna hata moja imegongwa."

Alisema kwa fahari, na ni kweli kwamba hakuna aliyewahi kuzibeba diski zile kwa upendo kama huo. Akauliza ipi ilikuwa nafasi ipi. Kiogora akakuna kichwa.

Munene alikuwa na matangazo ya biashara ya kurusha, na matangazo yenyewe yalikuwa humo ndani. "Si wewe ndiye umeandika manual ya hii kitu?" akasema. "Fungua usome, tufanye vile imesema."

Kinya akafungua. Akasoma sentensi yake mwenyewe, safi, isiyo na kosa la sarufi, ikimwambia akubali mara moja. Kidole kilikuwa tayari juu ya kibonyezo. Ndipo akakumbuka kwamba aliyeandika sentensi ile hakujua alichokuwa akisema. Angeisoma mtu mwingine, huko aliko, na sauti ya mtu wake imo ndani ya diski, angemwamini Kinya na kubonyeza. Akaona aibu kali. Akashusha mkono, akazima seva, akamwambia Munene kwamba ukurasa ule ni wa uongo mahali hapo na kwamba hatagusa kitu mpaka ajue. Munene alifoka kidogo, akaenda kuomba nakala za matangazo kwa wenyewe.

Kinya alimwandikia Adrian. Adrian alijibu kiungwana kwamba yeye pia hajui. Alitunza draiva tu, kadi hiyo hajawahi kuiweka mezani kwake. Basi hapakuwa na wa kuulizwa ila kadi yenyewe. Kinya akazitoa diski zote nane, akazibandika karatasi kuonyesha alikozikuta, akazifungia kabatini. Kisha akashuka mjini kwa Mwirigi, anayeuza kompyuta zilizotumika, akaazima diski kuukuu za aina ileile. Akaziunganisha kwa kadi, akazijaza nyimbo za kwaya, akaanza kuzitesa kwa makusudi. Alizichomoa, akaiwasha kadi tupu, akazirudisha kwa kuzichanganya. Swali likaja. Akakubali, na kwaya ikaimba. Kwa hiyo mpangilio kweli haukuwa na neno, kwani kila diski ilibeba alama yake popote ilipokaa.

Hapo angeweza kuridhika, na nusu ya moyo wake iliridhika. Nusu nyingine ikamwambia ajaribu tena, safari hii akiziacha baadhi nje. Swali likaja vilevile, kwa maneno yaleyale, bila onyo lolote. Akakubali. Kadi ikaandika alama mpya kwenye diski zilizokuwepo, na alipozirudisha zile za nje ikazikataa kabisa. Kwaya haikuimba tena. Kinya alirudia jaribio hilo mpaka akachoka, na kila mara kwaya ilinyamaza.

Akaenda kabatini kuzichukua diski za redio. Alipozirudisha na kuwasha, kabla ya kujibu swali lolote, alihesabu kwanza. Zilionekana sita. Mbili zilikuwa ndani ya seva lakini kadi haikuziona. Alipozichomoa na kuzimulika kwa tochi ya simu, akakuta kwenye meno ya kuchomekea ya kila moja kipande cha jani kavu la ndizi, chembamba kama uzi.

Aliketi sakafuni. Alifikiria asubuhi ile, kidole chake juu ya kibonyezo, na sentensi yake safi. Akalia, na Kiogora aliyekuwa akipita na ndoo akasimama mlangoni asijue kama ni yeye aliyemliza. Kinya akamwita, akamwonyesha kile kipande cha jani, akamweleza kila kitu bila kumficha na bila kumlaumu. Kiogora akaenda kuleta brashi laini, wakasafisha meno ya diski zote pamoja.

Zilipoonekana zote nane, Kinya akapiga moyo konde, akakubali. Seva ikafunguka. Aligusa rekodi ya kwanza iliyokutana na macho yake, na sauti ya baba yake ikajaza chumba, ikitangaza kifo cha mama mmoja wa Buuri ambaye hakuna kati yao aliyemjua. Alisikiliza hadi mwisho, mara zote mbili. Siku hiyohiyo alijinakilia kila jioni ya Riungu, akamwambia Munene kwamba diski ya akiba itanunuliwa mwezi huu, na Munene, kwa mara ya kwanza, hakutaja mwezi ujao.

Jumapili baada ya kanisa alimpelekea baba yake sauti hiyo kwenye simu. Alidhani atafurahi, au atalia. Riungu alisikiliza kidogo tu, akapunga mkono kwamba azime. Labda mtu hapendi kuonyeshwa nguo isiyomtosha tena. Kinya aliumia, akazima, na kwa kukosa la kusema akatoa kompyuta yake, akaanza kumtafsiria kwa Kimeru ukurasa aliokuwa ameuandika upya. Hapo mzee akageuza kiti.

Alisikiliza habari za kadi na taa za manjano kwa makini yaleyale aliyokuwa nayo zamani akipokea karatasi ya marehemu kutoka kwa ndugu zake. Kinya alifika mahali palipomtoa jasho: usibonyeze chochote mpaka diski zote zionekane. Akaendelea na mstari unaofuata. Riungu akaguna. Kinya akatazama juu, akaona mkono wa kulia umeinuka kutoka kwenye blanketi, na kidole kimoja kimesimama.

Akaielewa kazi yake yote wakati huo. Hakuna mtu anayesoma maelezo ya kadi ya diski kwa starehe. Anayeyasoma ameshapatwa na msiba, masikio yameziba, na mkono wake uko juu ya kibonyezo. Akairudia sentensi, kidole kikashuka, naye akaiandika hivyohivyo.

Adrian aliusifu ukurasa, akayafuta yale marudio. Katika maelezo ya kitaalamu, aliandika kwa upole, hatusemi jambo mara mbili. Kinya akayarudisha, na chini yake akamwandikia hivi: "Atakayeusoma ukurasa huu atakuwa amefiwa. Mara ya kwanza hatasikia."

Toleo jipya la mfumo lilipotoka, draiva ilikuwa imebaki na ukurasa wake ulikuwemo. Kinya alikwenda nao Kiirua, akaketi karibu na kiti cha baba yake, akasoma kwa sauti. "Usibonyeze chochote mpaka diski zote zionekane," akasema, akanyamaza kidogo. Alipoinua macho, kidole cha mzee kilikuwa kimeshasimama, na kwenye skrini sentensi ilikuwa inamngoja kwa mara ya pili.