Mkasi wa Elfu Nne Nilioingia Nao Ukweni Kimwani

Nilikuwa nasema hakuna kitu hapa duniani kinachoweza kunishangaza mimi, na nilikuwa nalisema hilo kila mahali, karakanani, kwenye jumuiya, hata kwa kinyozi, kwa sababu mtu aliyeacha shule darasa la tano, akaanza kwa kushonea watu viti vya baiskeli kwenye kibaraza kisicho chake, leo ana karakana ya makochi Buhembe na mafundi wanne wanaomwita bosi, huyo utamshangaza na nini tena? Basi nawaambieni, na masikio yananiwaka moto nikisema: nilishangazwa na mkasi. Tena si mkasi wa maana. Mkasi wa elfu nne.

Kisa chenyewe kilianzia jikoni kwangu. Karakanani nilikuwa na mkasi mmoja mzuri wa kukatia ngozi na turubai, na mke wangu, Mama Mujuni, alikuwa na tabia ya kuuchukua akikosa kisu kikali, anakatia mapezi ya sato, anaurudisha bila kusema (mteja mmoja aliwahi kuniuliza kwa upole mbona kochi lake jipya linanuka samaki). Siku moja akaukatia mgongo wa kuku wa kienyeji, jogoo mzee, pini ikalegea, mkasi ukawa unapiga makofi tu bila kukata. Nikasema basi, leo nanunua mkasi mmoja wa kazi nzito, wa nyumbani na wa karakana, tumalize maneno.

Dukani mjini Bukoba nilionyeshwa mmoja wa chuma kitupu, mzito, elfu thelathini na tano. Yule mama muuzaji akaniambia, "Baba, huu utazeeka nao." Nikamcheka. Nikamwambia mimi nilianza kushika mkasi wewe ukiwa hujazaliwa (alikuwa ananizidi umri, sasa naliona hilo), siwezi kulipa elfu thelathini na tano kwa vyuma viwili na pini. Nikatoka, na hapo nje palikuwa na machinga ana kipaza sauti kinapiga kelele peke yake: mkasi wa kazi nzito, wa jikoni, wa gereji, wa shambani, unakata bati, unakata mfupa, unakata mpira! Akakata kopo la soda mbele yangu, kacha, kacha, kama karatasi. Mishikio ya plastiki nyekundu, inapendeza. Elfu nne. Nikanunua, nikapita nao tena mbele ya duka la yule mama makusudi, nimeuinua juu.

Sasa mnapaswa kujua kwamba hiyo ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi yake tulikuwa tunakwenda Kimwani, kule Muleba, kumposea mwanangu Mujuni. Binti anaitwa Koku. Baba yake ni mwalimu mstaafu, Mlutheri wa kiti cha mbele, mtu wa maneno machache na miwani, na alikuwa amekwisha kumwambia binti yake kwamba watu wa Bukoba anawaona wana makelele. Koku akamwambia Mujuni wazi: "Baba amekubali kuwapokea mara moja. Akiona hamwelekei, hamtaitwa tena." Mujuni kwa desturi hakuruhusiwa kuja, lakini asubuhi ile alinifuata mpaka kwenye gari, mtoto mkubwa ana ndevu, akanishika mkono akasema, "Baba, naomba kitu kimoja tu. Leo usiongee sana." Nikamwambia niachie mimi, baba yako hajawahi kushindwa.

Gari la kukodi lilijaa. Mbele mshenga wetu, Mzee Byarugaba, nyuma Mama Mujuni na ndugu wawili, na juu ya keria zawadi: kreti mbili za soda, mfuko wa sukari, blanketi la bibi, na dumu la rubisi (Mwalimu hanywi, lakini wazee wa ukoo wake pombe hiyo ya ndizi wasipoiona hawasikii kitu). Vyote vimefungwa kwa vipande vya tyubu ya gari, nimevikaza mwenyewe. Nilikuwa nimevaa kanzu na koti, na kwenye mfuko wa koti, niambieni ni kwa nini, nilikuwa na mkasi wangu. Nilitaka kuuonyesha watu, basi. Mtu akipata kitu kizuri kwa bei ndogo hakimkai moyoni.

Tulisimama hatua kama hamsini kabla ya mji wa Mwalimu ili tushushe mizigo tuingie kwa heshima. Dereva akaanza kufungua fundo. Nikamwambia, "Wacha kujisumbua, kijana wangu, vitu hivi vina wenyewe." Nikachomoa mkasi, nikauingiza kwenye tyubu, nikakaza. Haukukata. Ule mpira ulijikunja tu katikati ya makali kama ulimi. Mama Mujuni akasema, "Fungua fundo, Baba Mujuni, watu wanatuona." Sasa mtu ukiambiwa hivyo mbele ya dereva unafanya nini? Nikakaza kwa nguvu zote za miaka thelathini ya kuvuta ngozi. Nikasikia ta! Plastiki ya mshikio ikapasuka, dole gumba langu likapita lote mpaka nyuma ya kifundo, na ule ufa ukajifunga nyuma yake kama mgono wa samaki, kuingia unaingia, kutoka hutoki. Pini nayo ikapinda. Makali yakabaki wazi, hayafungi, hayafunguki, na dereva alipolifungua fundo kile kipande cha tyubu kikabaki kimebanwa katikati.

Nikavuta. Dole likajibu kwa kuvimba. Mama Mujuni akapaka mafuta ya kujipaka, dereva akatoa oili ya injini, Mzee Byarugaba akashauri nitemee mate, tukavutana pale barabarani mimi na mke wangu kama watoto wanagombea muwa, na wakati huohuo akina mama wa ndani walikuwa wamekwisha kutuona, wakaanza vigelegele. Vigelegele vikianza huwezi kusema subirini kidogo. Mama Mujuni akanyakua kitenge kipya tulichomletea mama wa binti, akauzungushia mkono wangu wote mpaka kwenye kiwiko, mkasi ndani, oili ndani, akasema, "Ukiulizwa, nyamaza."

Nikaingia ukweni nimebeba mkono kama nimebeba mtoto mchanga.

Tukakaa. Mwalimu akatusalimu, akaomba sala fupi, kila kitu kikaenda vizuri kwa dakika kama tano hivi. Halafu ikaja kahawa. Kwetu Uhayani mgeni wa heshima huletewa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akamwani, na baba wa kijana ndiye anayechukua wa kwanza, kwa mkono wa kulia. Ukikataa, umewakataa wenyeji. Ukichukua kwa kushoto, afadhali ungekataa. Aliyeleta alikuwa shangazi wa Koku, mama mmoja mnene mwenye macho makali, akapiga magoti mbele yangu, akasema kwa heshima ya Kihaya, "Karibu kahawa, waitu."

Nikatazama kikapu. Nikatazama kitenge. Watu wote wakanitazama mimi. Nikapeleka mkono wa kushoto.

Shangazi akakirudisha kikapu kifuani kwake.

Mujuni aliniomba nisiongee sana, na hapo ndipo nilipoongea. "Mnisamehe," nikasema, "mkono wa kulia una jipu."

"Pole!" shangazi akasema. "Liko wapi?"

"Kwenye dole gumba."

"Jipu la dole gumba ndilo limefungwa mpaka kwenye kiwiko?"

"Limesambaa," nikasema.

Mzee Byarugaba akanikanyaga mguu. Nikaendelea, sijui nani alikuwa ananituma, nikasema ni majipu matatu, nikasema hospitali wameshindwa, nikasema sasa natumia miti shamba. Shangazi akaweka kikapu chini taratibu. Kumbe huyo mama alikuwa nesi, miaka mingi wodini, amestaafu juzi tu, na nesi aliyestaafu mgonjwa hamuachi apite. "Leta nione," akasema. "Jipu likisambaa hivyo linafika kwenye damu. Mtu anakufa."

"Haliumi, shangazi."

"Ndiyo mabaya zaidi hayo. Leta!"

Akashika ncha ya kitenge, mimi nikavuta kwangu, yeye akavuta kwake, na mkasi, ambao tangu asubuhi ulikuwa umekataa kukata kitu chochote, ukaamua kukata wakati huo. Ukatoboa kitenge, ncha zote mbili zikachomoza, zimeachama, na kipande cha tyubu mdomoni.

"Mae!" shangazi akaruka nyuma. "Ana chuma!"

Mzee mmoja wa ukoo, baba mdogo wake Koku, akasimama na fimbo yake. Hakupiga kelele, na ndiyo ikaniogopesha zaidi. Akasema, "Tangu nizaliwe sijaona mtu anakuja kuomba binti na kitu cha kukatia mkononi. Huu undugu tunataka kuufunga, mwenzetu amekuja kuukata kabla. Mimi nadhani hawa wageni wameshatujibu." Wazee wawili wakatikisa vichwa. Nikamwona Mama Mujuni ameinamisha uso. Kwenye mlango wa ndani pazia lilisogea, nikaona miguu ya msichana amevaa ndala mpya, amesimama tu, na nikajua ni Koku na kwamba amesikia.

Mwalimu akavua miwani. "Mzee," akaniambia, "kwa nini umetudanganya nyumbani kwangu?"

Jamani, mimi ni mtu wa maneno. Nimewauzia watu makochi ambayo hata mimi nisingekalia. Lakini hapo uongo uliniishia. Nikasema, "Mwalimu, niliona aibu. Wewe ni msomi, mimi niliishia darasa la tano. Nilitaka kuingia hapa nionekane mtu. Mkasi nimenunua juzi kwa machinga, nimeng'ang'ana nao hapo barabarani kwa sababu mke wangu aliniambia nifungue fundo na mimi sikutaka kuambiwa. Kosa ni langu. Mwanangu hayumo. Yeye aliniomba nisiongee."

Mwalimu akairudisha miwani machoni. Akainuka, akaja akapiga goti moja mbele yangu, akaushika mkono wangu. Dole lilikuwa limegeuka rangi ya zambarau. Akasema bila kugeuka, "Mama Koku, lete mkasi wako."

Mama wa binti ni fundi cherehani. Akaleta mkasi mweusi wa chuma, mrefu, wa zamani (wale wale, ndugu zangu, wale wale wa elfu thelathini na tano), Mwalimu akauchukua, akaipitisha ncha yake chini ya ile plastiki polepole sana, huku shangazi ameshika kiwiko na mimi natetemeka kama ndama.

"Tulia," Mwalimu akasema. "Tulia, mkwe wangu, usitikise mkono."

Mzee Byarugaba aliruka kwenye kiti utadhani ana miaka ishirini. "Wazee! Mmesikia? Mmesikia alivyomwita? Mimi sijafungua mdomo, posa sijatoa, mwenye nyumba ameshamwita mkwe!"

Mwalimu akasimamisha mkasi. Akamtazama Byarugaba, akanitazama mimi, akatazama pazia, ambalo lilikuwa linatikisika sasa kama kuna upepo. Kisha yule mtu wa maneno machache akacheka, kicheko cha mtu asiyezoea, kinatoka kwa kukwama. "Miaka yote nimesahihisha makosa ya watoto wa watu," akasema, "leo nimekosea mwenyewe. Na hili silifuti."

Kacha. Plastiki ikaanguka sakafuni, na dole langu likatoka. Vigelegele vilivyopigwa hapo mimi sijavisikia hata siku ya harusi, iliyofuata baadaye na ikaenda salama. Shangazi akanifunga plasta, akachukua tena kikapu, akapiga magoti upya, na mimi nikachukua kahawa kwa mkono wa kulia, dole limesimama peke yake kama mlingoti, na nikatafuna nikiwa nimefumba mdomo mpaka tulipoondoka.

Lakini baba mdogo hakuwa mtu wa kusahau. Posa ni posa, na makosa yana faini. Akasimama na fimbo yake akanihesabia: kuingia na silaha elfu ishirini, mkono wa kushoto elfu kumi, na uongo wa majipu matatu, kila jipu elfu kumi. Kitenge kilichotobolewa na kulowa oili nilinunua kingine, elfu ishirini na mbili. Mkasi wa Mama Koku ulikuwa umekwaruzika makali kwenye chuma cha ule wa kwangu, na Mama Mujuni alinitazama tu, sikungoja aseme, Jumatatu nikaenda mwenyewe kwa yule mama wa dukani Bukoba, nikasimama mbele yake na plasta yangu nikasema naomba ule wa kuzeeka nao. Hakucheka. Aliufunga vizuri kwenye gazeti, akaniambia pole, baba.

Siku hizi sisemi tena kwamba hakuna cha kunishangaza, na nikiambiwa nifungue fundo nafungua fundo. Mjukuu wetu amekwisha kuanza kutembea, na mimi karakanani bado naazima mkasi kwa mafundi wangu, kwa sababu ule mzuri uko Kimwani kwa Mama Koku na ule wa elfu nne Mwalimu aliuweka, ameutundika ukutani sebuleni, mgeni akiuliza anaelezwa. Nilipojumlisha yote, na mia tano ya plasta ambayo shangazi naye alidai akicheka, mkasi wangu wa bei poa ulikuwa umenigharimu shilingi laki moja na ishirini na moja elfu na mia tano.