Nilimsingizia kipa wangu ili goti langu lisijulikane

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Admini, jina langu lifiche, maana hapa Songea tunajuana. Mimi ni baba wa miaka sitini na mitatu, nina mke, watoto wanne na wajukuu. Msinicheke mtu mzima kuja kulia humu kwa ajili ya mpira. Huu mpira uliharibu maisha ya mtu, na aliyeyaharibu ni mimi.

Miaka ile mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, nilikuwa mfanyakazi wa shirika moja hapa mjini na nahodha wa timu yake. Nilicheza beki wa kati. Kila wiki tulisikia watu wanapunguzwa kazini. Meneja akatuambia wachezaji, "Pandeni daraja la kwanza, hakuna hata mmoja wenu atakayeguswa." Mnaelewa tulivyokuwa tunacheza? Tulicheza kama watu wanaokimbiza ugali wa watoto wao.

Mzunguko wa kwanza tulikuwa ukuta. Wa pili ukuta ukaanza kuvuja. Kila mechi wavu wetu unatikiswa, hata tukishinda, na karibu mabao yote ni ya krosi. Kocha akahangaika. Akambadilisha beki wa kushoto, akamweka benchi mwenzangu niliyecheza naye katikati, vijana hao wawili wakalia mbele yangu. Mimi hakunigusa, ningeguswaje, ni nahodha. Kumbe tatizo nilikuwa mimi. Goti langu la kulia lilikuwa limeumia, nikilifunga bandeji chini ya soksi. Kukimbia nilijikaza, ila kuruka sikuweza.

Aliyejua ni mtu mmoja tu, kipa wetu. Nimwite Gaudensi, ingawa si jina lake. Alinikuta navua bandeji, akaniambia, "Kapteni, mwambie kocha upumzike." Nikamshika mkono. "Mlongo wangu, ndugu yangu, nikikaa nje nitapunguzwa. Mke wangu ana mimba. Usiseme." Akasema, "Basi krosi niachie mimi." Tangu siku hiyo akawa anatoka golini kufuata mipira ambayo ilikuwa yangu. Mashabiki wakaanza kumzomea kwamba ana papara.

Mechi ya mwisho tulicheza nyumbani, tukihitaji sare tu ili tupande. Zikiwa zimebaki dakika chache, ikaja krosi juu ya kichwa changu. Nilikusudia kuruka, goti likakataa. Gaudensi akaona, akatoka mbio, akaufikia kwa ncha za vidole tu. Mpira ukamwangukia mshambuliaji wao, akausukuma wavuni, na daraja likatuponyoka. Uwanja mzima ukapiga kelele, "Kipa kauza! Kipa kauza!"

Jumatatu tukaitwa kikaoni. Meneja akanigeukia. "Nahodha, wewe ulikuwa hapo hapo. Ilikuwaje?"

Ndugu zangu, neno moja tu la kweli lingetosha. Nikasema, "Mpira ulikuwa wangu. Kipa katoka bila kuita."

Gaudensi aliniangalia, kisha akaangalia chini. Akasema, "Kama kapteni kasema hivyo, mimi sina la kuongeza."

Orodha ya kupunguzwa ilipobandikwa, jina lake lilikuwemo. Langu halikuwemo. Sokoni wanawake walikataa kumuuzia mkewe mboga, wakimwambia, "Nenda kanunue kwa waliomnunua mumeo." Gaudensi na mkewe wakahama na watoto, wakaenda kijijini Nalasi kwa wakwe zake kulima korosho. Mimi nilibaki kazini miaka mingine minne, nikajenga nyumba hii ninayowaandikia nikiwa ndani yake.

Miaka mitatu iliyopita dhamiri ikanishinda, nikamfuata. Nilimkuta anachambua korosho, mzee mwenye mvi. Aliponiona akacheka. "Kapteni! Goti linaendeleaje?" Nikalia kama mtoto. Akaninyamazisha yeye. Akasema, "Nilishakusamehe zamani. Ila wanangu wamekua wakiitwa watoto wa muuza mechi. Waambie wewe. Nikiwaambia mimi, wataona najitetea." Nikamwahidi. Kisha nikawa naahirisha, leo kesho, leo kesho.

Mwaka jana Gaudensi akafariki. Nilikwenda kumzika. Wafiwa wakasema wachezaji wenzake watoe neno, nikasukumwa mbele. Niliwaona wanawe wote wamekaa mstari mmoja wakinisubiri. Mdomo wangu ukasema, "Alikuwa kipa hodari. Bahati mbaya ni sehemu ya mchezo." Nikakaa.

Baadaye binti yake mkubwa, mwalimu, akanifuata. "Shikamoo baba mkubwa. Asante kwa kumsemea baba vizuri. Watu wengi hawakuwahi kumsemea." Sikuweza hata kuitikia marahaba.

Sasa familia wanaandaa misa ya kumkumbuka mwezi ujao, na binti huyo amenipigia akiniomba nizungumze tena. Juzi nikamsimulia mke wangu yote, ndiyo mara ya kwanza anasikia. Akaniuliza, "Ukiwaambia, unawatua wao mzigo au unajitua wewe? Na watoto wetu watatembeaje hapa mjini?"

Usingizi nakosa, kula sili vizuri, kanisani naitwa mzee wa jumuiya na naona aibu kuitika. Nisimame siku ya misa niseme mbele ya watu wote? Niwaite watoto wake pembeni niwaambie wenyewe tu? Au nimsikilize mke wangu ninyamaze, na ile ahadi nife nayo? Mkitaka kunitukana nitukaneni, nastahili, ila mkimaliza mniambie: nifanye nini?